Koko Amekubali

Émérance, mke wa mjukuu, aliweka chini sahani ya bukari, ugali wa muhogo, akaisukuma kwa ufagio mpaka ikavuka kizingiti cha banda la mbuzi. Hakusalimia. Koko Véronique aliivuta kwa vidole, akaonja. Bukari imepoa, imekauka juu. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, haina chumvi. Akala hivyo hivyo. Meno hana, hamu hana, ila tumbo bado linadai.

Humo bandani walimweka siku ile ile walipomzika mjukuu wake Fabrice. Shimo la dhahabu kule nyuma ya Lusangi lilimfukia. Na Fabrice alikuwa amelalamika mbele ya wote: shimo halina miti ya kuzuia udongo, na Célestin, mwenye shimo, anayeitwa na kila mtu PDG, yaani bosi mkuu, anasema kukata miti ni kupoteza wakati. Lakini kwenye kilio Célestin alitazama huku na huku, akauliza kwa upole kabisa: "Huyu mama muzee, wenzake wote walishakufa. Yeye anaishi miaka ya nani?"

Basi, ikatosha kumfanya mchawi. Tangu hapo hakuna aliyepokea kitu mkononi mwake, wala aliyemwita tena Koko, yaani bibi. Watoto wakipita karibu na banda walikimbia. Mwanzoni alilia. Siku hizi hata kilio kimemkataa. Anakaa tu, anatazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Asubuhi moja wakamtoa uani. Alikuwapo Célestin, alikuwapo mchungaji Aristote wa chumba cha sala, na Octave, mume wa Émérance, mjukuu pekee aliyembakia Koko. Nyuma yao walisimama wachimbaji, ambao tangu kifo kile wamegoma kushuka shimoni. Hapo ndipo palipomuuma Célestin.

"Mama, tunakuuliza kwa upendo," mchungaji alisema. "Ni wewe ulimukula Fabrice?"

"Fabrice alikuliwa na udongo."

"Udongo unatumwa, mama," Célestin akadakia. "Nani aliutuma?"

"Miti haikukuwa shimoni. Fabrice mwenyewe alisema."

"Ebu mumusikie! Anatoka kwa mbuzi, anakuja kutufundisha kazi ya shimo."

Watu wakacheka. Octave hakucheka. Alichuchumaa mbele ya bibi yake, karibu mno, mpaka Koko akasikia joto la pumzi zake.

"Koko, ukubali tu. Mchungaji atakuombea, mambo itaisha. Utarudi ndani, utaota moto na sisi. Mimi nimechoka kukuona huku."

Koko! Amesema Koko! Kitu kilichokufa ganzi ndani ya kifua chake kikatikisika kidogo, kikauma. Alijua jibu la kweli ni hapana. Lakini akisema hapana atarudishwa bandani, na nyuma ya Octave moshi wa jikoni ulikuwa unapanda.

"Ni mimi," akasema.

Lo, ungedhani ameolewa! Vigelegele vikapigwa, mchungaji akammwagia maji, akakemea pepo mpaka sauti ikakauka. Célestin alishikana mikono na kila mtu. Émérance akamwongoza Koko jikoni, akamkalisha karibu na moto, akampakulia bukari inayotoa moshi na samaki wa mto Lualaba. Chumvi ilikuwamo ya kutosha. Alimeza matonge mawili kabla ya kukumbuka kuuliza.

"Octave iko wapi?"

"Anavaa nguo ya kazi. Wote wanashuka leo leo. PDG amesema shimo limepona."

Mkono wa Koko ukasimama juu ya sahani. Octave alipita mlangoni, koleo begani, tochi kichwani.

"Octave, wameweka miti?"

"Miti ya nini tena, Koko?" Kijana alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. "Si umekubali mwenyewe? Hatari imeisha."

"Nilidanganya, mutoto wangu. Nilitaka tu kuota moto na ninyi."

Octave alimtazama mkewe.

"Mchungaji alituambia atakana," Émérance alisema bila hasira yoyote. "Alisema tusimusikilize, si yeye anasema, ni pepo. Wewe enda, wanakungoja."

Akaenda. Émérance akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka kwenye mdomo wa Koko kama anavyolishwa mtoto mdogo.

"Kula, Koko. Ingali moto."

Huko nje wachimbaji walikuwa wanaitana kwa majina, wanataniana. Koko alifungua mdomo amwite Octave tena, na tonge likaingia.