Mfalme wa Bingwa

Muuguzi alikuwa akipanga soksi za watoto mlango ulipogongwa. Mumewe akafungua, akatazama chini, akasema, "Mke wangu, farasi wa bingwa amefika."

"Mwambie apanguse miguu."

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu muuguzi aanze kucheza sataranji kwa posta na bingwa wa chama cha mchezo huo. Bingwa alikuwa daraja la kwanza, yeye la mwisho kabisa. Kila mmoja aliandika hatua yake kwenye kadi, akaituma, akangoja jibu. Na kila kete ya bingwa iliyoliwa ilitoka kwa bingwa kwa miguu yake, ikaja kwa aliyeila. Askari walilala kwenye droo ya vijiko. Malkia alidai mto.

"Bingwa anakuchezea tu, shemeji," alisema mdogo wa mumewe, akimsogezea malkia blanketi. "Paka humchezea panya kabla hajamla."

Mwishowe akaja mfalme mwenyewe, viatu vimejaa tope.

"Umenifunga, mama," akasema. "Sikubakiwa na mraba hata mmoja wa kukimbilia."

Ushindi huo ulitosha kumpandisha muuguzi daraja, jambo alilolihangaikia miaka nenda miaka rudi. Akamtia mfalme mkobani, akaenda naye kwa katibu wa chama. Katibu akampa mfalme kiti, akamsikiliza hadi mwisho.

"Nimekuelewa, mzee wangu. Lakini kwa kanuni zetu, matokeo huletwa na mwenye daraja la juu. Bingwa hajaleta."

"Ataletaje, na ndiye aliyeshindwa?" muuguzi akauliza.

"Hajaleta, mama. Basi hajashindwa."

Kesi ya ngedere ilikuwa imepelekwa kwa nyani, tena nyani mwenye muhuri. Muuguzi alikasirika, na haki ya kukasirika alikuwa nayo. Kanuni ile ilitungwa na wa daraja la kwanza, wakaipigia kura wenyewe, wakajipigia na makofi.

Hadi leo muuguzi yuko daraja la mwisho. Mfalme anaishi kwake, anakula kidogo na hachagui chakula. Bingwa hakuja kumdai. Msimu huu anacheza bila mfalme; wapinzani wanaona, katibu anaona, na hakuna anayeweza kumfunga.