Harusi ya Raya Imekwama Kwenye Kompyuta

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya kompyuta yangu napiga hodi. Nagonga kioo kabisa, maana tangu Jumatano inawaka, inazungusha kale kaduara kake, inazimika. Na ndani kuna video ya harusi ya dada yangu Raya, nakala moja tu duniani. Kadi ya kamera nilishaifuta. Na Raya kasema anaifuata asubuhi.

"Karibu," kompyuta ikaniitikia. "Ila vua viatu."

Nikavua, nikaingia. Simu mkononi, kama kawaida.

Ndani ni ukumbi ule ule wa harusi. Watu bado wanakula pilau. Shangazi Mwanamkuu, paja la kuku mkononi, akanitazama vidole akaguna. Nina kucha za bandia, ndefu, nyekundu, nilipachikwa Alhamisi.

"Na makucha hayo, mwenzetu, nazi unakuna vipi?"

"Shangazi, nazi siku hizi ipo ya paketi."

"Ndiyo maana hata kompyuta inakufia."

Mara ikaingia Nyundo. Imevaa tai.

"Mwenye nyumba nani?"

"Mimi."

"Nimekuja kupiga mfumo upya. Nabomoa chini juu, najenga, kila kitu kinang'aa."

Nikapenda. Kung'aa nakupenda. "Na hawa wageni?"

"Watoke na vyombo vyao. Atakayebaki namfukia kwenye msingi."

Raya akaacha keki mdomoni. "Yaani mdogo wangu, unanifukia na shela langu?"

Nikatoa flashi mfukoni niwahamishe haraka. Flashi ikafungua mdomo kidogo tu. "Nimejaa nyimbo za singeli, dada. Labda bwana harusi peke yake, tena asimame."

Raya analia. Wanja unamshuka. Nyundo inapanda juu taratibu.

Hapo Kalenda ya ukutani ikateremka, inatembea kinyumenyume, inawapamia wapishi bila kuomba radhi.

"Kabla hamjavunja nyumba ya watu," ikasema, "mgonjwa mara ya mwisho alikuwa mzima lini?"

"Jumanne," kompyuta ikajibu. "Jumatano huyu kanipachika programu ya kurushia maua kwenye video."

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Ilikuwa ya bure," nikasema.

"Hata panya, ile sumu hailipii," akasema Shangazi.

Kalenda ikakohoa. "Mimi sivunji. Narudisha mipangilio ya Jumanne, basi. Picha na video sizigusi. Ila kilichopachikwa baada ya Jumanne kinatoka. Chote."

Nikaficha mikono nyuma. "Na hina yangu?"

"Hina ni picha. Sizigusi."

"Na kucha?"

"Zilipachikwa lini?"

Shangazi akanijibia. "Alhamisi!"

Bwana wee, kucha zile nilikuwa bado sijazipiga picha hata moja. Nikamtazama Raya. Kashika shela kwa mikono miwili, kama mtu anayengoja mafuriko.

"Haya," nikasema. "Rudisha."

Zikadondoka sakafuni, ta, ta, ta. Nyundo ikalegeza tai, ikaomba sahani ya pilau. Shangazi naye kainama chini ya meza, anaziokota moja moja.

"Shangazi, za nini tena?"

"Nyamaza. Kitu cha mtu hakitupwi."

Nikazinduka. Asubuhi. Kompyuta iko mapajani inawaka vizuri tu, na video ya harusi ipo. Nikatazama vidole: hina ipo, kucha hakuna, hata gundi hakuna. Nikajiambia zimebanduka usingizini. Nikapapasa shuka. Wapi.

Raya akaja, tukakaa na Mama kuangalia. Nderemo, keki, pilau. Raya anacheka, anafuta machozi. Mama akasogeza uso kwenye kioo.

"Hebu irudishe nyuma kidogo. Hapo, hapo."

Shangazi Mwanamkuu, paja la kuku mkononi, vidole kumi vyekundu, virefu.

"Huyu wifi yangu anayewasema watoto wa watu," Mama akauliza, "kucha hizi alipachika lini?"