Mita Iliyosoma Sifuri

Tangu asubuhi mzee hatulii. Akikaa, anainuka, akiinuka, anasahau aliinukia nini. Na yote hayo kwa neno moja la binti yake, fundi umeme kama yeye, aliyekuja kumbadilishia taa ya jikoni: "Baba, hiyo mita yako ni chuma chakavu. Itupe."

Chakavu! Mita ya mshale ya kupimia umeme, iliyolisha watoto wanne na kumsomesha huyuhuyu mwenye mdomo! Basi akaifungua pale sebuleni, juu ya gazeti. Akakwangua kutu ya kijani kwenye vibati vya betri, akapuliza vumbi, akafuta kioo kwa shati lake, akakaza skrubu zote nne. Ikang'aa. Akaipeleka jikoni kifua mbele.

Swichi ya jikoni, kwenye boksi la umeme, alikuwa na hakika ameshaizima mwenyewe. Akapanda ngazi fupi, akagusisha ncha mbili kwenye nyaya za taa. Mshale ukalala kwenye sifuri, haukutikisika.

"Umeona? Hamna moto hapo. Shika tu, mama."

"Haya, baba," akasema binti.

Jamani, na huyu ndiye aliyewapigia wanafunzi wake kelele miaka thelathini: kwanza pima soketi unayojua ina moto, uone mshale ukipanda, ndipo upime waya! Leo soketi hakuigusa. Haraka ya kuonyesha kwamba naye bado yumo.

Akarudi sebuleni, lakini moyo ukakataa kukaa. Akachungulia dirishani, akaketi, akainuka, mwishowe akaanza kusafisha meza. Alipokunja gazeti, kitu kidogo kikabingirika mpaka ukingoni. Kioo chembamba kama njiti ya kiberiti.

Fyuzi ya mita. Ameifunga mita bila fyuzi.

Mita isiyo na fyuzi itasoma sifuri hata uipeleke kwenye transfoma! "Usishike!" akapiga ukelele, na miguu ile inayogoma hata kwenda dukani ikatimua mbio. Akajigonga kwenye kiti, ndara moja ikabaki nyuma. "Mwanangu, usishike waya! Mwanangu!"

Binti alikuwa juu ya ngazi, mzima, mkononi ana bisibisi yake ya kupimia. Kitaa chake kilikuwa kinawaka chekundu.

"Sijashika, baba. Moto upo. Umezima swichi ya chumbani. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Mzee akashikilia mlango, anahema.

"Ulipima tena? Baada yangu?"

Binti akatazama chini. "Huwa napima tena."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Huwa nasubiri utoke kwanza."

Ilimuuma, asikudanganye mtu. Miaka miwili anapanda ngazi kwa mbwembwe, anatoa hukumu yake, na mwanawe anamwitikia haya baba huku akingoja ageuze mgongo. Alitaka kufoka. Akafungua mdomo kabisa. Lakini alipomtazama tena pale juu, anapumua, vidole vyote kumi vipo, machozi yakawahi kabla ya maneno.

"Usisubiri tena nitoke," akasema. "Pima nikiwepo."