Nguo Zilizotoka Mtutuni

Jumatatu asubuhi, kabla hata chai ya kituo haijachemka, Mtunza Ghala alitandika gunia juu ya meza, akapanga ufito, brashi, chupa ya mafuta na vitambaa alivyovikata kutoka kwenye shuka kuukuu, kisha akaanza kuzishusha bunduki ubaoni moja baada ya nyingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alikuwa na kanuni mbili tu, na kila askari pale kituoni alizijua kama anavyolijua jina la mama yake. Bunduki ambayo haikulia husafishwa Jumatatu. Bunduki iliyolia, hata kama imetoa risasi moja, husafishwa siku ileile kabla jua halijazama, kwa sababu masizi ya baruti yakilala na chuma, asubuhi utaamsha kutu. Kanuni nzuri, nyepesi, wala hazimdhuru mtu.

Taabu ilianza pale bunduki moja, ile iliyokuwa ikisimama ya saba ubaoni, ilipolia siku ambayo haikulia.

Ilikuwa Alhamisi. Watu wa mtaa wa nyuma ya kituo walitoka na ndoo tupu kwenda kuulizia maji, maana mabomba yao yalikuwa yamezoea kukohoa tu. Askari wakatumwa kwenda kuzungumza nao. Walizungumza nao kwa virungu kidogo, kisha Koplo mmoja, mtu asiyependa mazungumzo marefu, akazungumza kwa bunduki ya saba. Risasi ikapita juu ya ndoo, ikavuka barabara, ikaingia barazani kwa fundi cherehani ambaye hata habari ya maji hakuwa nayo. Yeye alikuwa anatia vifungo. Fundi huyo alikuwa mume wa dada yake Mtunza Ghala.

Jioni Koplo akairudisha bunduki, mtutu bado unanuka. Mtunza Ghala, ambaye habari za shemeji yake zilikuwa zimekwisha kumfikia, aliilaza mezani, akachukua ufito. Kazi ni kazi. Hapo Mkuu wa Kituo akaingia mwenyewe, jambo lisilo la kawaida, kwani ghalani hamkuwa na kiti chenye mto.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha, afande. Hii imelia leo."

"Nani kasema imelia?"

Mtunza Ghala akamtazama Koplo. Koplo akatazama viatu vyake.

"Hebu nikumbushe," Mkuu akasema kwa upole. "Bunduki iliyolia inasafishwa lini?"

"Siku ileile, afande."

"Basi hii irudishe ubaoni. Utaisafisha Jumatatu pamoja na zile nyingine."

Bunduki ikarudishwa ubaoni, na kwa kurudishwa tu ikawa haikulia. Mkuu alitoka nje akawatangazia watu kwamba kishindo walichokisikia kilikuwa cha tairi lililopasuka. Gari lenye tairi hilo halikuonekana, lakini magari nayo yana mambo yake. Kuhusu fundi, daktari aliitwa, akamtazama akiwa mlangoni, akasema hiyo ni homa kali ya ghafla, iliyomwingia kifuani upande wa kushoto ikatokea mgongoni. Homa za siku hizi zina nguvu jamani.

Baada ya maziko, dada mtu alimvuta mdogo wake uani, mbali na waombolezaji.

"Pole zako sizitaki," alimwambia. "Nataka neno moja. Wewe ndiye unayezishika hizo bunduki. Simama mbele ya watu useme ililia. Basi. Mume wangu amekufa, hilo nimelibeba. Lakini mimi kuwa mjane wa homa, hapana. Sitaki!"

"Dada, nina watoto."

"Na hawa wangu ni watoto wa nani? Wa tairi?"

Mtunza Ghala alisema ataona. Ataona ni neno zuri sana, limewahi kuwasaidia watu wengi wasione kitu.

Jumatatu ilipofika akapitisha ufito kwenye mtutu wa bunduki ya saba kama alivyoupitisha kwenye zile nyingine sita. Kitambaa kilitoka upande wa pili hakina doa, kikiburuta uzi wa bluu. Akauvuta. Uzi ukaja. Akaendelea kuvuta, akauzungushia kwenye kopo tupu la mafuta mpaka kopo likanenepa. Baruti ikilala siku zote hizo haiwezi kukosa vituko, alijiambia, kisha akapaka mafuta, akairudisha ubaoni.

Jumatatu iliyofuata ulitangulia mkono wa shati. Mtunza Ghala alivuta polepole, kama mtu anayemzalisha ng'ombe, mpaka likatoka shati zima la shule, jeupe, limepigwa pasi na kukunjwa. Ndani ya kola palikuwa na jina limeandikwa kwa chaki, kama fundi alivyozoea kuandika kazi za wateja wake. Kabla ya saa sita mama mmoja alikuwa amesimama kwenye dirisha la ghala.

"Nimeambiwa shati la mwanangu liko hapa."

Akapewa. Hakuuliza limefikaje ghala la silaha. Aligeuza, akakagua mishono, akaguna kwamba pindo lingekuwa refu kidogo, mtoto bado anakua.

Baada ya hapo mtutu haukupumzika. Zilitoka suruali, sketi, kanzu ya babu mmoja aliyekwisha kuikatia tamaa, mapazia mawili ya mtu asiyejulikana. Fundi alipokuwa hai alisifika kwa mambo mawili: mkono mzuri na "njoo kesho". Kuna bibi harusi aliyeambiwa njoo kesho mpaka akaolewa kwa gauni la kuazima. Sasa kwa kuwa amekufa, fundi alikuwa hachelewi hata siku moja. Watu wakasema homa imemtengeneza tabia.

Foleni ikaanzia dirishani ikafika getini. Mkuu wa Kituo aliitazama kutoka ofisini kwake moyo ukamjaa, maana tangu kituo kijengwe haikuwahi kutokea raia kuja kwa miguu yao wenyewe tena wakiwa wanacheka. Akamwita Mtunza Ghala.

"Bunduki ya saba isafishwe kila siku. Asubuhi na alasiri."

"Lakini afande, si haikulia?"

"Haikulia kabisa. Inasafishwa kwa ajili ya usafi."

Kasoro ilikuwa moja tu. Kila nguo iliyotoka mtutuni, iwe shati, iwe gauni, ilikuja na kitundu cha mviringo upande wa kushoto wa kifua, kimezungushiwa uzi kwa ustadi kama tundu la kifungo. Mwanzoni watu walinung'unika. Wengine walirudi dirishani wakitaka fundi arekebishe, wakaelezwa kwamba fundi hapatikani. Kisha mmoja akabandika mfuko juu ya kitundu, mwingine akabandika ua la kitambaa, mwingine beji ya timu yake. Haikuchukua muda, wale walionunua nguo zao dukani wakajiona wamepitwa na wakati, wakawa wanazitoboa wenyewe kwa mkasi. Wahenga walisema kufa kufaana, ila nadhani hawakufikiria mambo ya mitindo.

Mkuu wa Kituo naye alikuwa na nguo kwa fundi. Lilikuwa koti lake la sherehe, alilolipeleka likaongezwe kiunoni, kwa sababu cheo kilikuwa kimemkaa vizuri tumboni. Koti likatoka asubuhi ya gwaride lililoandaliwa kwa ajili yake, vifungo vya shaba vimefuatana kimoja nyuma ya kingine. Akalivaa. Lilimkaa kama amezaliwa nalo, kitundu kikiwa mahali pake. Hapakuwa na muda wa kutafuta mfuko.

Hapakuwa na haja pia. Mgeni rasmi alikuwa amekuja kumvika nishani kwa kuwatuliza watu wa ndoo bila kutumia hata risasi moja. Akaishika nishani, akasogea, na pini ikapita kwenye kitundu pasipo kugusa kitambaa.

"Koti safi hili!" Mgeni rasmi akasema. "Limeandaliwa kabisa. Nani kakushonea?"

"Fundi wa hapa jirani, mheshimiwa."

"Fundi hodari. Nitampata wapi?"

"Alishikwa na homa."

"Oh, poleni sana."

Makofi yakapigwa. Mtunza Ghala alikuwa safu ya nyuma, naye akapiga. Alipoinua macho alimwona dada yake ng'ambo ya uzio, amesimama na khanga yake ya msiba, anamwangalia viganja. Viganja vikamwasha mpaka jioni, lakini alikuwa ameshapiga.

Siku chache baadaye mtutu ulitoa gauni la maua madogo ya kijani. Kwenye kola paliandikwa "Mke wangu". Mtunza Ghala aliomba ruhusa, akalipeleka mwenyewe mchana kweupe, amelikumbatia kama mtoto aliyelala.

Dada yake alilitambua kabla hajalikunjua. "Tangu sijamzaa huyu wa kwanza ananiahidi gauni hili," alisema. "Kila nikiuliza, kesho. Wateja kwanza, mke wa fundi atavaa kesho." Akalikunjua, akapitisha mkono kifuani, akakipata kitundu. Akaingiza kidole chake kidogo. Kilienea sawasawa.

"Kumbe homa yenyewe ndogo hivi," akasema.

Halafu akalia. Tangu msibani alikuwa hajalia hivyo. Alilia gauni likiwa usoni, mabega yanamtikisika, na mdogo wake akasimama pale hajui mikono aiweke wapi. Roho ilimuuma. Ilimuuma kweli, hilo asinyimwe.

"Nenda kamwambie mkubwa wako," dada akasema alipopata pumzi. "Sitaki tena useme mbele ya watu. Hata ofisini, mlango umefungwa, nyinyi wawili. Liseme tu, lisikike na mtu mmoja. Nilale."

Mtunza Ghala akaenda moja kwa moja, hakupitia hata ghalani, akihofia miguu ingebadili mawazo. Mkuu alikuwa anakunywa chai, nishani kifuani, kwa kuwa siku hizo alikuwa haivui.

"Afande, bunduki ya saba ililia siku ile. Ndiyo iliyomuua shemeji yangu."

Lilikuwa limetoka. Mkuu akaweka kikombe chini wala hakukasirika. Alionekana kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake mzuri amekosea hesabu rahisi.

"Bunduki iliyolia inasafishwa lini?"

"Siku ileile, afande."

"Hii uliisafisha lini?"

"Jumatatu."

"Kwa hiyo?"

Mtunza Ghala akafungua mdomo. Maneno yalikuwapo, yalikuwa yamefika mpaka kwenye meno: ni wewe uliyenizuia.

"Unataka kuniambia," Mkuu akaendelea, "kwamba wewe, mtu wa kazi miaka yote hii, uliiacha bunduki iliyolia ikalala na masizi? Ulivunja kanuni zako mwenyewe? Maana hilo sasa litakuwa kosa, na lazima awepo aliyelifanya."

Kioo kimoja cha dirisha kilikuwa kimelegea, kikawa kinagonga kwa upepo. Mtunza Ghala alikisikiliza.

"Hapana, afande."

"Hapana nini?"

"Haikulia."

"Nilijua. Msiba unachosha akili. Kaa unywe chai."

Akakaa, akanywa. Ilikuwa imetiwa sukari nyingi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kufanya kazi kituoni.

Kesho yake alisafisha bunduki ya saba kama kawaida, na mtutu ukatoa shati la kiume la rangi ya udongo. Ndani ya kola paliandikwa "Shemeji". Mtunza Ghala hakuwahi kuagiza shati lolote, wala fundi hakuwahi kumpima. Alilivaa palepale ghalani. Mabega yalimkaa barabara, hata lile la kushoto lililoinama kwa kubeba bunduki, ambalo yeye mwenyewe hudhani watu hawalioni. Shemeji alikuwa ameliona kumbe, pengine mezani wakila, pengine siku ile walipobeba kabati pamoja.

Akapapasa kifua kutafuta kitundu, apate kujua mfuko wa kubandika uwe wa ukubwa gani. Hakukikuta. Palikuwa na mfuko tayari. Ulikuwa umeshonwa pande zote nne, hata juu, mishono miwili miwili, imara kiasi kwamba hata ukucha haukupenya. Akaingiza mkono kwa ndani. Kitundu kilikuwapo, nyuma ya mfuko, kimefunikwa vizuri.

Alipoinua kichwa, dada yake alikuwa dirishani. Alikuwa amevaa gauni lake la maua ya kijani, na kitundu amekiacha wazi. Alikuwa mtu pekee mtaa mzima aliyekiacha wazi. Hakuuliza kama lile neno limesemwa. Alimtazama shati, akautazama mfuko kwa muda.

"Zuri," akasema.

"La shemeji."

"Naona. Wenzako wote wanajibandikia wenyewe." Akanyoosha mkono katikati ya nondo, akaugusa mfuko kwa kidole chake kidogo, akasikia ulivyokazwa. "Wewe kakubandikia kabisa. Alikujua."

Akageuka akaondoka. Nyuma yake foleni ikasogea, na mzee mmoja akaingiza kichwa akiuliza kama suruali yake imeshatoka, maana jana aliambiwa aje leo.

"Inakuja, mzee," Mtunza Ghala akasema. Akalowesha kitambaa mafuta, akakifunga kwenye ufito, akaendelea kuisafisha bunduki ambayo haikulia.