Grisi Katika Herufi

Usiku wa jana niliota nimerudishwa zamu ya pili, katika kiwanda cha sarafu kilichonifukuza mwaka themanini na nne. Sikushangaa. Nililala nikiiwaza karatasi yao iliyokuwa mezani, ya kitabu chao cha kuadhimisha miaka hamsini ya kiwanda, ambayo nimeahidi kuisaini asubuhi. Inasema kwamba mwaka ule sisi wafanyakazi, kwa umoja wetu, tulikaa. Haisemi tulikaa wapi. Nami niliahidi kwa sababu nimechoka.

Mlangoni amesimama Mfaume, ofisa utumishi, ambaye tulimzika zamani.

"Mzee Chilumba, karibu. Tunatoa sarafu ya sherehe yenye kichwa chako."

"Si mlinifukuza?"

"Ndiyo maana. Tungemchapaje mtu aliyepo?"

Jibu likaniridhisha. Naingia. Mashine ni ileile iliyomla mwenzetu Kombo vidole vitatu, siku ambayo sisi arobaini na mmoja tulitia mikono mifukoni tukasema haturudi hapo mpaka iwekewe kinga. Nakumbuka hata shati la Kombo. Lilikuwa la bluu, na kola imegeuzwa.

Ndani ya mashine kuna chapa, pande la chuma lililochongwa uso wangu na neno moja, vyote kinyume ili sarafu itoke sawa. Neno ni TULIKATAA.

"Shikamoo," chapa inaniamkia kwa sauti yangu.

"Acha hizo, tuko rika moja. Umegonga ngapi?"

"Miaka arobaini. Kiuno sina."

Sarafu ya kwanza inadondoka ikipiga kelele: "Tulikataa!" Masharubu yangu unaweza kuyahesabu. Ya elfu kumi haina masharubu. Grisi na vumbi la chuma vimeziba herufi mbili, na sarafu inasema, "Tulikaa."

"Hatukukaa!" nafoka. "Tulitolewa na polisi!"

"Usitugombeze sisi, mzee. Tunasema tulivyochapwa."

Hiyo iliyonijibu ina mshipa umevimba shavuni. Chapa imepata ufa, na ufa wa chapa hutokea kwenye sarafu kama kovu lililoinuka.

Grisi inazidi. Zinamwagika nyingine, mamia, kwa upole wa kuudhi: "Tulia. Tulia, mzee. Tulia."

Na kinachonichoma ni kwamba kadiri chapa inavyochakaa, sarafu ndivyo zinavyong'aa. Chuma kimejaa michirizi myembamba inayokimbilia ukingoni, mwanga unacheza humo, na wageni wa sherehe wanapiga makofi.

"Unaona?" anasema Mfaume. "Uzee umekupendeza."

Kiwanda sasa ni zahanati. Nimekaa kwenye benchi, chapa nimeipakata, kadi mkononi. Daktari ni Mfaume yuleyule, kavaa koti jeupe.

"Tutaipiga msasa. Itakuwa kama kioo."

"Na neno?"

"Neno ndilo linaloshika uchafu, mzee wangu."

Anakwenda kutafuta msasa. Sarafu ya mwisho, laini kama kifungo, inapanda gotini kwangu na kuninong'oneza: "Tua."

Sitasema uongo, nilitaka kutua. Miaka arobaini neno lilelile, msibani nalisema, harusini nalisema, hadi wajukuu wakiniona wanaongeza sauti ya redio. Wenzangu wengi wamekufa, waliobaki wamenyamaza.

"Chilumba, mbona unajilegeza hivyo?"

Ni Kombo, kakaa kando yangu na shati lake la bluu.

"Nimechoka, Kombo."

"Umechoka na vidole kumi? Mimi hapa navaa viatu kwa saba. Chokonoa, bwana, acha kudeka!"

Nachokonoa kwa ukucha wa gumba. Grisi inatoka kama masizi ya sufuria. Chapa inakohoa, inasema, "Tulia." Naendelea. "Tulikaa," inasema, safari hii kwa aibu. Naingiza ukucha katikati ya zile A mbili. Mfaume anakuja na msasa mkononi. Grisi ya hapo ni ngumu, ni ya miaka. Nasukuma, na mtu ananitikisa bega.

"Baba Rehani, amka! Dereva wao yuko uani, anataka karatasi yake." Ni Sikudhani, mke wangu. Akanishika mkono, akaugeuza. "Hee! Na hili gumba? Umeshika nini usiku, na shuka langu jeupe hili?"

Ukucha ulikuwa umejaa grisi nyeusi. Nikainusa. Sijagusa mashine tangu themanini na nne, lakini harufu ile naijua.

Nikavaa miwani, nikaivuta karatasi. *Kwa umoja wetu, tulikaa.*

"Nipe kalamu, mama."

"Kwa hiyo unasaini?"

"Nasaini. Mwambie asubiri kidogo, zimebaki herufi mbili."