Kwetu Hakuna Upele

Nyumbani kwetu Keshero, mtaa wa Goma, tulikuwa na ugonjwa mmoja wenye majina manne. Baba yangu, Papa Twagirayezu, alikuwa na dermatiti. Mama alikuwa na aleji. Mimi Umutesi, kwa kuwa nilikuwa msichana wa kuolewa, nilipewa ekzema, ati ina sauti nzuri. Na binamu zetu waliotukimbilia baada ya lava kumeza nyumba yao katikati ya mji, wao walikuwa na upele tu. Sote tulijikuna mahali pamoja: katikati ya vidole, kwenye viwiko na kiunoni.

Ulikuwa mwaka wa 2002, volkano ya Nyiragongo ilipotapika. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tukalala makanisani tumebanana, tukarudi na mablanketi ya wenyewe na wadudu wa wenyewe. Lakini mwambie hivyo baba yangu! Alikuwa mwalimu wa sekondari, na kwake upele ni ugonjwa wa kambi. Sisi hatukuwa watu wa kambi, tulikuwa na bomba uani. Na tusimlaumu peke yake, maana wakati ule kila kitu Goma kilikuwa na jina la heshima. Waasi waliotawala mji walijiita serikali, na walichotunyang'anya barabarani walikiita mchango.

Nikaenda kwa Mama Angèle, Mnande wa Butembo, muuguzi wa zahanati ya mtaani. Aliviangalia vidole vyangu mara moja tu.

"Hii ni upele," akasema. "Mujipake dawa batu bote ba nyumba siku moya, kuanzia shingo mpaka ku vidole ya miguu. Manguo na mablanketi muchemushe. Mumoya akikatala, itabarudilia bote."

Nikarudi na chupa za dawa. Baba hakuzigusa.

"Hiyo ni dawa ya upele," akasema. "Mimi niko na dermatiti. Mutu anaumwa jino, utamupa dawa ya malaria?"

"Papa, yako na yangu zinatoka ku blanketi moya."

"Yako ni ekzema."

Akawakataza na binamu kupaka, kwa sababu dawa ile inanuka na majirani wangejua. Basi nikajipaka peke yangu. Ngozi iliwaka moto, nikapona, nikafurahi. Haukupita muda nikawa najikuna tena, maana binamu nililala nao kitanda kimoja.

Ningevumilia kama si posa. Jumamosi ile walikuwa wanakuja kunichumbia kwa ajili ya Edmond, mwana wa Mama Nyirakamana wa mtaa wa Himbi. Edmond nilimpenda hadi naona haya kusimulia. Mama yake hakunipenda. Posa ilikuwa imeahirishwa mara moja kwa ajili ya volkano, na alikuwa amesema wazi kwamba ikiahirishwa tena, kuna binti wa rafiki yake asiye na majivu kichwani.

Kwetu watu hawasalimiani kwa ncha za vidole. Unamkumbatia mwenzio mabegani, shavu kwa shavu, kisha mnashikana mikono na hamwachani upesi. Siku ya posa, maneno yakishakubaliwa, kila mtu anamkumbatia kila mtu. Tukinyamaza, tungewagawia wakwe upele wetu, na Mama Nyirakamana angejua vizuri sana umetoka wapi. Tukisema, ndoa imekwisha. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nikamwendea Havugimana, mdogo wake baba, aliyekuwa msemaji wetu.

"Papa mudogo, ubaambie kweli mbele ya batu bote, kabla hawajatukumbatia. Akinikatala, anikatale."

Papa mdogo alikuna kichwa, kisha akakubali. Wote wawili tulisahau jambo moja. Katika posa zetu, msemaji wa upande wa binti hakubali haraka. Ni lazima azue vikwazo: binti ni mgonjwa, binti ameingia utawa, binti hatumjui. Na msemaji wa wageni ni lazima aviruke vikwazo hivyo kwa maneno matamu. Hapo ndipo watu hucheka na kunywa.

Jumamosi ikafika. Mimi nilikuwa chumbani, jicho na sikio dirishani, nikingoja kuitwa. Papa mdogo alisimama, akakohoa.

"Bakwe, kabla hatujaenda mbali, niko na neno. Hii nyumba iko na upele."

Wageni wakaangua kicheko. Msemaji wao, muzee Munezero, akasimama akiweka kofia sawa.

"Upele tu? Sisi tuliposikia kuko musichana muzuri hapa, tulileta kijana mwenye kucha. Edmond, onyesha kucha!"

Edmond akainua mikono. Makofi.

"Sifanyi muchezo," akasema Papa mdogo. "Muzee wa nyumba iko nao. Mama iko nao. Binti iko nao katikati ya vidole!"

"Basi tutamujengea nyumba ya mawe ya lava, apate pa kusugulia mugongo!"

Vigelegele. Papa mdogo akaapa kwa Mungu. Munezero akaapa kwa Mungu na kwa ng'ombe zake. Kadiri Papa mdogo alivyoisema kweli, ndivyo wageni walivyomsifu kuwa ni fundi wa maneno. Baba, aliyekuwa ameficha uso kwenye leso, alipoona mambo yanakwenda hivyo, akapiga makofi kuliko wote. Dakika ile nilimchukia, nasema wazi.

Nikaitwa. Nikatoka na nguo zangu nzuri. Mama Nyirakamana, aliyekuwa amekunja uso tangu alipoketi, akainuka na kunifungulia mikono. Sikuwahi kuona mikono ile ikinifungukia. Nikarudi nyuma.

Kumkataa mama mkwe mbele ya watu ni tusi lisilo na dawa.

"Umutesi!" baba akanong'ona. "Salimia mama!"

"Mama, unisamehe," nikasema. "Papa mudogo hakufanya muchezo. Ni upele kweli. Nikikukumbatia nitakuambukiza, na mimi sitaki kuingia kwako na uongo." Nikatandaza vidole avione.

"Ni ekzema," akasema baba, kwa mazoea tu.

Mama Nyirakamana akavishika vidole vyangu, akavigeuzageuza juani. Kisha akamtazama baba.

"Na yako, muzee, inaitwaje?"

"Dermatiti, mama."

"Mm." Akanigeukia. "Toka ule moto wa volkano, kila mutu anaingia kwangu na maneno matamu na anatoka na kitu. Wewe umesimamisha posa yako kwa ajili ya ngozi yangu?"

Akanivuta, akanikumbatia mabegani, shavu kwa shavu, akanishika mikono na hakuniachia upesi. Nililia hadi nikamlowesha kola.

"Dawa ya upele iko wapi?" akauliza akiwa bado amenishika. "Muzee, toa shati."

Baba alipakwa uani, nyuma ya bomba, na mama ndiye aliyempaka.

"Inachoma!" akalia.

"Pole," mama akamjibu. "Ni dermatiti inatoka."

Siku nilipohamia Himbi kama mke wa Edmond, mama mkwe wangu alikuwa anajikuna waziwazi. Akina mama wa kanisa walipomwonea huruma wakasema bila shaka ni majivu ya volkano, aliwajia juu.

"Majivu gani? Ni upele. Nilipewa na muke ya mutoto wangu, siku ya posa."

Alikuwa akilisema jambo hilo kichwa juu, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Kisha akaniita chumbani kwake, akafunga mlango. Mwanamke yule, ambaye hata binti zake hawakuwahi kumwona bila kitambaa kichwani, alivua blauzi, akaketi kitandani, akanigeuzia mgongo.

"Paka, mutoto wangu," akasema. "Pale mimi mwenyewe sifiki."