Sahani Zilizorudi Tupu

Miaka michache kabla Wadachi hawajatia mguu Bagamoyo, Bi Shaikha alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya mawe alimozaliwa. Mume amekufa, mtoto hakujaliwa, na wajakazi alikwisha kuwaacha huru. Mahfoudh, mtoto wa kaka yake aliyekuwa na biashara Unguja, akamletea salamu: mwanamke mzee halali peke yake, Idi ikifika atakuja kumchukua. Bi Shaikha akajibu kwamba labda apakiwe amefungwa kamba kama mbuzi.

Ndipo akamwita Gertruda, mjane kijana wa kijiji cha Wakristo, aliyekuwa akimuuzia mchicha. Kibanda chake kilikuwa kimeangushwa na mvua za masika. Wakapatana: Gertruda apate chumba, na bibi apate mtu wa kumshika mkono ngazini.

"Kijakazi simtaki," Bi Shaikha alimwambia. "Nataka mtu wa kubishana naye."

Wakabishana vizuri sana. Walibishana juu ya chumvi, juu ya panya, hata juu ya Nabii Isa, kisha mmoja akatandika msala na mwingine akapiga magoti upande wake, na usiku ukapita kwa salama.

Ramadhani ikaingia. Mize, jirani wa ukuta kwa ukuta, akaleta futari ya muhogo wa nazi. Tabia wa nyumba ya pili akaleta tambi. Gertruda alikuwa amelelewa na masista, na kwa masista chombo cha mtu hakilali kichafu. Akazisugua sahani kwa majivu na kumbi za nazi mpaka zikang'aa, akazirudisha mwenyewe. Mize akaitazama sahani, akamtazama yeye, akafunga mlango. Gertruda akadhani ni ukali wa saumu tu.

Lakini sahani zikapungua, mwisho hodi zikakatika kabisa. Bi Shaikha akaacha kubishana. Alikaa dirishani akisikiliza vicheko vya nyumba za wenzake, na futari yake ikapoa mbele yake. Mwezi ulipokaribia kwisha, akamwambia Gertruda amfungashie nguo sandukuni.

"Mahfoudh kasema kweli," alisema. "Mtaa umenichoka. Nitabaki hapa na nani?"

Gertruda hakugusa sanduku. Alishuka ngazi, akaenda kupiga hodi kwa Mize. Shikamoo yake ikajibiwa kwa shida. Akauliza bibi yake amemkosea nini.

"Kamuulize mwenyewe," Mize alisema. "Kama futari yangu haimpendezi, si angenambia? Sahani inarudi tupu!"

"Tupu ndiyo. Niliiosha mimi."

"Ukairudisha hivyo hivyo?"

"Sasa nikurudishie na nini, Bi Mize?"

Mize akaketi kizingitini, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka. Kisha akamweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, kwamba sahani ya jirani hutiwa chochote, tende mbili, ndimu, hata chumvi, ndiyo kusema bado tuko pamoja. Ikirudi tupu, umemwambia basi.

Bi Shaikha alipopata habari, alicheka akashika ukuta. Halafu akadai unga. Mwanamke ambaye hakuwa amesimama jikoni tangu mumewe afe, alikaanga kaimati akiimba, akimgombeza Gertruda kwamba anakoroga kama anayepiga makasia. Gertruda akazipeleka mlango kwa mlango, na kila mlango akataniwa.

"Huyu ndiye anayetuoshea vyombo bure," Tabia alisema. "Ngoja, nina masufuria mawili ndani."

Siku ya Idi Mahfoudh akafika na wachukuzi wa mizigo. Asiweze kuingia: nyumba nzima imejaa wanawake. Akakaa barazani na kanzu yake mpya, akasikia shangazi yake ndani akimbishia Mize kwa sauti ambayo yeye hakuwa ameisikia tangu utotoni. Alipotolewa kahawa, wachukuzi alikwisha kuwaruhusu waende zao.

Aliyemletea kahawa ni Gertruda. Mahfoudh akamuuliza kwa upole kama kweli atakaa na shangazi yake, au ni mpaka apate kibanda kingine.

Gertruda akammiminia kikombe cha pili.

"Mwambie tu, Ramadhani ijayo asiniamshe kula daku," alisema. "Mimi sifungi, na yeye anasema hawezi kula peke yake."